Februari kwenye alotimenti ya Uingereza: kipi uanze sasa, kipi ukiache kwanza

Nyuma ya pakiti nyingi za mbegu zinazouzwa Uingereza utakuta imeandikwa kwamba zinafaa kupandwa kuanzia Februari. Mtu aliyejifungia ndani tangu Novemba akisoma neno hilo mkono unamwasha. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma, nikaamini, na Jumamosi ya kwanza ya Februari nikapanda kila kitu: nyanya, bilinganya, vitunguu na pilipili kwenye trei za dirishani, pasinipu, ule mzizi mweupe unaofanana na karoti, moja kwa moja shambani. Mwisho wa Machi miche ya nyanya ilikuwa na shingo kama uzi wa kushonea, imeegemea kioo kama walevi. Pasinipu haikuota hata moja.

Kwa ambao barua ya halmashauri ndiyo kwanza imewafikia baada ya kusubiri kwenye foleni, alotimenti ni kile kiwanja cha bustani unachokodi kwa mwaka. Ploti kamili ya kawaida ina mita za mraba 250 hivi, na bado wengine huipima kwa kipimo cha kale, rodi 10. Nusu ploti inatosha kabisa kwa anayeanza. Ukichukua nzima, magugu yatakushinda kabla ya Juni. Yangu ni nusu, iko Leicester, udongo wa mfinyanzi unaonata kama ugali mbichi. Mimi nimekulia Lushoto, kwa hiyo jembe si geni kwangu. Baridi nayo si geni, maana Julai ya Usambara unaijua mwenyewe. Kilichonishinda kilikuwa giza.

Hapo ndipo ulinganisho wote unapoanzia. Nyumbani jua linachomoza na kuzama kwa saa karibu zile zile mwaka mzima, kwa hiyo mkulima anahesabu mvua. Huku Desemba urefu wa mchana haufiki saa 8. Katikati ya Februari umefika kama saa 10, lakini jua liko chini, linapita pembeni ya mapaa, na mawingu yanakula nusu yake. Kufikia katikati ya Mei mchana ni zaidi ya saa 15. Joto la kuotesha mbegu unaweza kulinunua kwa umeme au kuliazima kwenye redieta inayopasha nyumba joto. Mwanga wa dirisha moja la jikoni hautoshi, na mche uliooteshwa na joto bila mwanga unarefuka kuutafuta mpaka unaanguka. Kwa hiyo kila mmea nauuliza maswali mawili: unahitaji muda mrefu kiasi gani kabla ya kuzaa, na unavumilia jalidi au hauvumilii? Wenye muda mrefu huanza sasa. Wenye haraka na waoga wa baridi husubiri, hata pakiti iseme nini.

Pilipili mbuzi na nyanya

Watu huzipanda siku moja kwa sababu zinafanana miche. Wasifanye hivyo. Pilipili, hasa pilipili mbuzi, ni kobe. Mbegu zake zinataka joto la nyuzi 20 kwenda juu, na hata hapo zinaweza kukaa wiki tatu hazijatokeza. Zikishaota zinakua taratibu, na pilipili yenyewe inakuja kuiva Septemba. Ukianza Aprili utapata kichaka kizuri cha majani na maua, kisha baridi inarudi. Hiyo Februari ndiyo yake. Mimi naziweka kwenye trei yenye kifuniko juu ya friji, mahali penye uvuguvugu, na zikichomoza tu nazihamishia dirisha la kusini.

Nyanya inaota kwa siku 7 hadi 10, kisha inakimbia. Kutoka mbegu hadi mche wa kupandikiza ni wiki 6 hadi 8. Nje huwezi kuitoa mpaka jalidi iishe, na kwetu Midlands, katikati ya Uingereza, hiyo ni katikati au hata mwisho wa Mei. Piga hesabu kurudi nyuma: mwisho wa Machi. Mwenye kitalu nyumba cha kioo kilichopashwa joto aanze Februari, ana haki. Sisi wa flati tukianza Februari tunajitafutia miezi mitatu ya kubeba ndoo za miche kutoka dirisha hadi dirisha, na mwisho wake ile ya Machi inaipita. Nimewahi kuzipanda bega kwa bega, za Februari na za mwisho wa Machi. Za Machi zilikuwa fupi, shina nene, zambarau kidogo chini, na nyanya ya kwanza iliyoiva ilitoka kwao.

Jambo moja kwa wote wawili: usizamishe trei kwenye maji. Udongo baridi uliolowa unaleta kinyausi, na kinyausi ni kile kile cha nyumbani. Usiku umelala na miche imesimama, asubuhi imelala yote, shina limekatika pale linapogusa udongo.

Vitunguu: mbegu, au vitunguu vidogo?

Huku kuna njia ambayo nyumbani wengi hatukuizoea. Maduka ya bustani yanauza mifuko ya vitunguu vidogo, ukubwa wa gololi, vilivyooteshwa mwaka uliopita vikakaushwa. Unavichomeka ardhini mwishoni mwa Machi au Aprili, kila kimoja sentimita 10 kutoka mwenzake, ncha tu ikionekana, na Agosti unavuna. Ndege huvichomoa wakidhani ni kitu cha kula, kwa hiyo vifunike kwa wavu mpaka vishike mizizi. Zaidi ya hapo hakuna kazi.

Mbegu lazima zianze sasa, ndani, maana kitunguu kinahitaji majani mengi kabla siku ndefu za Juni hazijakiambia kianze kunenepa. Miche yake mwanzoni ni kama nywele, na mtu mwenye haraka ataimwaga. Faida zake ni mbili. Kwanza aina ni nyingi zaidi na pakiti moja inatoa mamia ya miche. Pili, vitunguu vidogo vina tabia ya kutoa ua katikati ya msimu vikipigwa na baridi, hasa vyekundu, na kitunguu kilichotoa ua hakihifadhiki. Siku hizi huuzwa vilivyopitishwa kwenye joto maalumu ili kupunguza tabia hiyo. Kama unanunua vyekundu, tafuta hivyo.

Mwaka wa kwanza, nunua vidogo. Mimi sasa natumia mbegu kwa vyekundu vya kachumbari na vidogo kwa vyeupe vya kupikia. Ila muulize jirani kama ploti ina ule uozo mweupe wa vitunguu. Vijidudu vyake vinaishi ardhini zaidi ya miaka 10, na pakiwa nao, mjadala wa mbegu na vidogo hauna maana. Panda kitu kingine hapo.

Viazi vya mapema au vya msimu mkuu

Hiki ndicho kitu ambacho Februari inaruhusu bila udongo kuguswa. Unanunua mbegu za viazi zilizothibitishwa, unazipanga kwenye trei za mayai upande wenye macho mengi ukitazama juu, unaziweka chumba chenye mwanga lakini baridi, zisipigwe na jalidi. Baada ya wiki kadhaa zinatoa vichipukizi vifupi, vinene, vya zambarau. Kama vimekuwa virefu na vyeupe, chumba kina giza.

Ugumu ni kuchagua kundi gani.

| | Vya mapema | Vya msimu mkuu |
|---|---|---|
| Mfano | Swift, Arran Pilot, Maris Bard | Maris Piper, King Edward, Sarpo Mira |
| Kupanda | Mwisho wa Machi | Katikati hadi mwisho wa Aprili |
| Kuvuna | Wiki 10 hadi 12 baadaye | Wiki 20 hivi baadaye |
| Nafasi | Sentimita 30, mistari 60 | Sentimita 40, mistari 75 |
| Kuchipuza kwanza | Kunasaidia sana | Si lazima |
| Kuhifadhi | Viliwe mara moja | Hadi baada ya Krismasi |
| Bakajani chelewa (ugonjwa unaoozesha majani na viazi) | Kwa kawaida huvunwa kabla halijaja | Huvikuta ardhini |

Mstari wa mwisho ndio mzito. Bakajani chelewa huja na joto na unyevu wa Julai na Agosti, na kwenye alotimenti, ambako ploti 50 zimebanana na kila mtu ana viazi, likiingia kwa mmoja limeingia kwa wote. Nimeona majani ya shamba zima yakiwa meusi ndani ya wiki, na harufu yake inafika getini. Viazi vya mapema wakati huo viko jikoni tayari. Sarpo Mira inalivumilia vizuri kuliko nyingi ninazozijua, ingawa ladha yake, mimi binafsi, sijaipenda.

Lakini ukitaka chipsi mayai, usidanganyike. Viazi vya mapema vina maji. Vichemshe, utie siagi na chumvi, ule na maganda yake. Kwenye mafuta vinalainika. Maris Piper ina unga, ndiyo hiyo maduka ya samaki na chipsi ya huku yanayoipenda, na hakuna nyingine inayokaribia chipsi za nyumbani. Mwenye nafasi ndogo apande vya mapema, kwa sababu Julai tuta linabaki wazi na utaliwekea kitu kingine. Mimi napanda mistari minne ya mapema na mmoja wa Piper, huo mmoja kwa ajili ya chipsi tu, na mwaka ambao bakajani linaushinda nakata majani yote chini, nasubiri wiki mbili au tatu, kisha nachimba kilichosalimika.

Maharage mapana na njegere

Kama lazima utie kitu ardhini mwezi huu, tia maharage mapana, yale ambayo Wamisri hupikia ful. Aina ya Aquadulce Claudia inaota udongo ukiwa na nyuzi 5 tu. Kina sentimita 5, nafasi 20, basi. Njegere hazivumilii baridi kiasi hicho, na hapa kuna siri: zile zenye mbegu laini ya mviringo zinastahimili baridi, zile zenye mbegu iliyojikunja kama uso wa bibi ni tamu zaidi lakini huoza kwenye udongo baridi. Panya nao wanapenda njegere kuliko sisi.

Kati ya hizi mbili, kwangu maharage mapana yameshinda kwa jambo nililoligundua jikoni. Mmea ukianza kuweka maganda, unakata ncha yake ya juu ili vidukari weusi wasiikalie. Ncha hizo usizitupe. Zikaange na kitunguu na nyanya, utie nazi kidogo. Ziko karibu na majani ya kunde kuliko mboga yoyote niliyoipata dukani huku.

Tahadhari moja ambayo pakiti haisemi. Mtu mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo iko kwa wingi kwenye jamii zilizotoka maeneo ya malaria, haya maharage yanaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu. Kama kwenu yupo aliyeambiwa hivyo hospitali, panda njegere.

Matunda: mizizi peku au ya kwenye chungu

Msimu wa miche ya mizizi peku, ile iliyong'olewa ikiwa imelala ikatumwa kwenye mfuko bila udongo, unaisha Machi. Ukiikosa, utanunua ya kwenye chungu mwaka mzima kwa bei ya juu. Rasiberi na karanti nyeusi, nunua peku bila kufikiri mara mbili. Ikifika, loweka mizizi kwenye ndoo saa moja au mbili, panda siku hiyo. Kama ardhi imeganda, ifukie kwa muda kwenye ndoo ya udongo wenye unyevu bandani. Mche wa chungu una faida moja tu: unaweza kusubiri.

Rasiberi zenyewe ziko za aina mbili, na hapa watu wengi huharibu. Za kiangazi huzaa Juni na Julai kwenye fito zilizoota mwaka jana. Za vuli huzaa Agosti hadi jalidi ya kwanza, kwenye fito za mwaka huu huu. Kwa hiyo Februari za vuli unafyeka zote hadi chini, kazi ya dakika 20. Ukifyeka za kiangazi hivyo hivyo, umekata matunda yote ya mwaka. Mimi nilirithi ploti bila maelezo, nikafyeka zote. Mzee jirani yangu, Mjamaika ambaye amelima hapo miaka mingi, alinitazama mpaka nikamaliza ndipo akaniambia kwamba nusu yake zilikuwa za kiangazi. Anasema hakutaka kunikatiza.

Chagua za vuli. Hazihitaji nguzo na waya kama za kiangazi, kupogolea kwake hakukosewi, na ukizipanda sasa utaonja chache mwaka huu huu. Autumn Bliss na Polka ndizo ninazozijua. Za kiangazi zinatoa kwa wingi kwa muda mfupi. Zimfae anayepika jemu.

Mti wa tofaa ni suala la mkataba kabla ya kuwa suala la kilimo. Halmashauri nyingi huruhusu miti mifupi tu, na ufupi unatokana na shina la chini ambalo mti umebebeshwa juu yake. Soma lebo: M27 inaishia kama mita 1.8, M9 hufika mita 2.5 hadi 3, MM106 hufika 4. Hizo mbili za kwanza zinataka nguzo maisha yao yote. Mtofaa unapogolewa sasa ukiwa umelala; mplamu usiuguse na kisu majira ya baridi, maana ugonjwa wa majani ya fedha huingilia kwenye kidonda. Wa Lushoto mtakumbuka plamu, na mtatamani kuupogolea. Subiri kiangazi.

Kuchimba au kufunika

Mtu mpya anafika na jembe-uma anaanza kugeuza udongo, kwa sababu ndivyo shamba linavyoandaliwa. Kwenye udongo wa kichanga, sawa. Kwenye mfinyanzi uliolowa wa Februari, kila hatua unayokanyaga inaubana, na mabonge unayogeuza yatakauka Aprili yawe matofali. Chukua konzi ya udongo uuviringishe: ukitoka ung'aro kama mfinyanzi wa chungu, nenda nyumbani. Buti zikibeba udongo, hali kadhalika.

Njia ya pili ni kutochimba. Mkulima wa mboga Charles Dowding wa Somerset ndiye aliyeifanya ijulikane sana huku. Unatandaza maboksi ya karatasi yaliyotolewa plasta zote za gundi juu ya magugu, unamwaga mboji juu, sentimita 10 au 15 kwa mwaka wa kwanza, unapanda humo humo. Magugu ya kawaida yanakufa kwa kukosa mwanga. Yale yenye mizizi ya kutambaa hayafi, yanatokeza pembeni, na itabidi uyang'oe mwaka mzima. Gharama ndiyo hoja: mboji ya kufunika nusu ploti kwa kina hicho ni mita za ujazo nyingi, na mimi sikuwa nazo. Nilifunika matuta mawili, mengine nikayawekea turubai jeusi hadi Mei. Konokono walijaa chini ya maboksi, hilo nisikufiche.

Sukuma wiki na mchicha

Nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo kila Mswahili anauliza kwanza. Sukuma ni jamaa wa kabichi, baridi haiui. Ile niliyopanda Juni jana bado imesimama na naichuma kila wiki. Jalidi ikiipiga majani yanakuwa matamu zaidi. Itatoa maua Aprili, kwa hiyo anza nyingine sasa kwenye trei bandani, mbegu chache tu, nyingine Aprili. Ifunike kwa wavu. Njiwa wa hapa hawana adabu.

Mchicha ni kinyume chake. Ukiupanda kabla ya udongo kupata joto, unakaa tu, unageuka mwekundu, unatoa mbegu ukiwa na urefu wa kidole. Nilifikiri hauwezekani huku mpaka nilipoona tuta lake kwa yule mzee jirani, limefika kiunoni. Wajamaika huuita kalalu na huupika karibu kama sisi. Siri yake ni kwamba haupandi kabla ya Juni. Alinipa konzi ya mbegu, nimeziweka kwenye bahasha nyuma ya kopo la majani ya chai, na kila nikichemsha maji naiona.